Ufunguo Tuliompa Yaya

Kuna vitabu ambavyo mtu husoma jioni, akavifunga, akalala. Kuna vingine ambavyo mtu akivifunga huinuka kwanza kwenda kutazama kama watoto wake wamelala salama. Kitabu tunachotaka kukipima leo ni cha namna hii ya pili.

Jina lake kwa Kifaransa ni Chanson douce, yaani wimbo mtamu, wimbo wa kumbembelezea mtoto. Mtungaji ni Bibi Leïla Slimani, aliyezaliwa Rabat, katika Moroko, mwaka 1981, akaenda Paris kusoma angali kijana. Kitabu kilitolewa na nyumba ya vitabu ya Gallimard mwaka 2016, na mwaka ule ule kikapata zawadi ya Goncourt, iliyo mashuhuri kupita zote wanazopewa watungaji wa hadithi katika Ufaransa. Baadaye kilitafsiriwa katika lugha nyingi. Mwaka 2019 Bibi Lucie Borleteau alikifanyia sinema, na Bibi Karin Viard ndiye aliyecheza yaya.

Pengine msomaji atauliza: hadithi ya watu wa Paris yatuhusu nini? Jibu letu ni hili. Yasema juu ya jambo lililo ndani ya nyumba zetu wenyewe. Katika miji yetu, Lubumbashi, Bukavu, Goma, Kisangani, mama wengi hutoka asubuhi kwenda ofisini, sokoni, hospitalini, shuleni, na watoto hubaki na mtu mwingine. Mara mtu huyu ni bibi yao. Mara ni binti wa ndugu aliyeletwa kutoka kijijini. Mara ni mtu wa mshahara ambaye mwezi uliopita hatukumjua. Twamkabidhi mtoto, twamwachia ufunguo wa nyumba, halafu twaenda zetu.

Tulikisoma kitabu hiki sisi watu wachache pamoja, wanaume na wanawake, wenye watoto na wasio na watoto. Tulipomaliza tulibishana mpaka usiku. Mabishano yale ndiyo yaliyotusukuma kuandika, kwa maana tuliona kwamba kitabu chaweza kusomwa vibaya kwa njia mbili, na njia zote mbili zina hatari kwa watu walio hai.

Habari yenyewe

Hadithi si ndefu. Paul na Myriam ni mume na mke. Wakaa ghorofani katika mtaa wa kumi wa Paris. Paul afanya kazi ya muziki. Myriam amesoma sheria. Asili ya jamaa yake ni Afrika ya Kaskazini. Wana watoto wawili, binti aitwaye Mila na mdogo wake Adam. Kwanza Myriam akaa nyumbani na watoto, naye apenda kukaa. Lakini siku kwa siku furaha yampungukia. Hana mtu mzima wa kuzungumza naye. Amwonea mumewe wivu kila anapotoka mlangoni. Watu wakimwuliza kazi yake, aona haya kujibu. Basi siku moja akutana na rafiki aliyesoma naye zamani, naye ampatia kazi ya uwakili. Sasa lazima watafute yaya.

Wazazi wanaketi na kupanga sheria zao. Asiwe mzee sana. Asivute sigara. Asiwe na mtandio kichwani. Awe na karatasi zake za ruhusa. Tena Myriam, ingawa asili yake ni kule, hataki yaya wa Afrika ya Kaskazini: aogopa kwamba huyo atamsemesha Kiarabu, atajifanya ndugu, ataomba msaada kwa ajili ya udugu. Tuliposoma maneno haya tulinyamaza kidogo, maana wengi wetu tumekwisha kuyasikia kwetu yakisemwa juu ya watu wa kabila letu wenyewe.

Ndipo aja Louise. Ni Mfaransa mweupe, mjane, mwenye mwili mdogo na nguo safi. Watu aliowafanyia kazi zamani wamsifu kwa simu. Mila ampenda siku ile ile. Baada ya majuma machache nyumba imegeuka. Vifungo vilivyokatika vimeshonwa, chakula kiko mezani, watoto wametulia. Rafiki za Paul na Myriam waja kula, wasifu upishi wa Louise, na kuwaonea wivu wenye nyumba. Louise afika mapema, aondoka usiku, na pengine halali kwake kabisa. Wakati wa likizo wamchukua pamoja nao mpaka Ugiriki, katika kisiwa cha Sifnos.

Na mwisho wake? Louise awaua watoto wote wawili, kisha ajaribu kujiua mwenyewe. Msomaji asitulaumu kwamba tumemharibia hadithi. Mtungaji mwenyewe atangaza jambo hili katika kurasa za kwanza.

Mwisho uliowekwa mwanzo

Hapa tuna budi kusifu ufundi wa kitabu. Kwa desturi hadithi za kutisha humficha mwuaji mpaka mwisho, na msomaji hufuata nyayo zake kama mwindaji. Hapa hakuna wa kuwindwa. Twajua nani aliyekufa na nani aliyeua. Basi twasoma nini katika kurasa zote zinazobaki? Twasoma siku za kawaida: chakula cha asubuhi, kuoga, bustani, michezo, kulala. Lakini kwa sababu twajua, kila jambo dogo limepata uzito. Louise acheza na watoto mchezo wa kujificha. Ajificha vizuri. Watoto wamtafuta, hawamwoni, waanza kuogopa, waanza kulia, naye hatoki. Akaa kimya mahali pake akiwatazama. Katika kitabu kingine tungesema ni mchezo tu. Katika kitabu hiki mioyo yetu yasimama.

Kuna faida nyingine. Sisi twajua, wazazi hawajui. Twaketi nao mezani na hatuwezi kuwaonya. Basi swali linaloingia akilini si tena «nani?», bali «ni lini wangeweza kuona?» Tukirudia kurasa kwa swali hilo, jibu latuumiza, kwa sababu waliona. Waliona mara nyingi. Walichokosa si macho.

Tutoe mifano. Siku moja Myriam atupa kuku aliyepita siku zake katika pipa la taka. Jioni arudi kutoka kazini, akuta mifupa ya kuku yule yule juu ya meza ya jikoni. Imewekwa katika sahani, safi, inang'aa, imeoshwa kwa sabuni, haina hata unyuzi mmoja wa nyama. Louise amemtoa kuku katika taka na kuwalisha watoto. Hakuna damu katika habari hii, wala kisu, wala kilio. Lakini hatujasoma ukurasa wa kutisha kupita huo. Ni kama Louise ameandika barua na kuiacha mezani: ninyi mwatupa, mimi siwezi kutupa. Myriam aisoma barua, aogopa. Lakini kesho yake Louise yuko kazini kama desturi.

Mfano wa pili ni bahari ya Ugiriki. Louise amekuja kuwatunza watoto kando ya maji, na kule ndiko wanakogundua kwamba hajui kuogelea. Hakuna aliyemwuliza. Naye aliona haya kusema. Paul amfundisha, na Louise, mtu mzima, avaa vifaa vya kuelea vya watoto. Paul aona ni wema, na ni wema kweli. Lakini tazameni jambo lililo chini yake: wazazi walipanga safari yote, chakula chote, nguo zote, wasifikiri hata dakika moja juu ya mwili wa mtu waliyemtegemea.

Mfano wa tatu ni barua ya kodi. Mume wa Louise alipokufa alimwachia madeni. Louise hajibu barua za serikali. Hazifungui hata kidogo. Mwishowe serikali yaandika kwa wenye kumlipa, na hivyo Paul na Myriam wapata habari. Kwa mara ya kwanza waona kwamba Louise ana maisha mengine, mbali huko Créteil, katika chumba kimoja cha kupanga, na kwamba maisha yale yabomoka. Myriam amsemesha juu ya barua ile. Mazungumzo ni mafupi. Kisha kila mmoja arudi mahali pake.

Tumeelewa sasa kwa nini hawakuuliza zaidi. Kama wangeuliza, jibu lingewagharimu. Pengine wangepaswa kumpa siku za kupumzika, na nani angebaki na watoto? Pengine wangepaswa kumwachisha kazi, na Myriam angerudi wapi? Basi waliyasukuma mashaka yao chini ya kitanda, nao wakaita jambo hilo kumwamini yaya.

Kwa maoni yetu hapa ndipo moyo wa kitabu. Lugha yetu ina maneno mawili yasiyo sawa: kumwamini mtu na kumtegemea. Mtu hutegemea ukuta bila kuujua, bila kuusalimu, bila kuuliza kama una ufa. Kuamini ni jambo jingine. Hakuwezi kuwapo bila kumjua mtu, kumsikiliza, na kumruhusu aseme hapana. Paul na Myriam walimtegemea Louise kwa uzito wao wote. Hawakumwamini bado, kwa kuwa hawakumjua.

Hukumu ya kwanza: kosa ni la mama

Tulipofunga kitabu, wa kwanza kusema kati yetu alikuwa mwanaume. Alisema: «Ni wazi. Mama angekaa nyumbani, watoto wangekuwa hai.» Wengine walitikisa kichwa kwamba ndiyo. Katika kitabu pia yuko anayesema hivyo: Sylvie, mama yake Paul, amlaumu Myriam kwamba afanya kazi kupita kiasi na kuwaacha watoto.

Ndipo mama mmoja akauliza: «Na baba yao alikuwa wapi?» Nyumba ikanyamaza. Tulikuwa tumesema saa nzima juu ya Myriam, na hakuna aliyekuwa amelitaja jina la Paul. Paul naye alitoka asubuhi. Paul naye alirudi usiku. Paul naye alikula chakula cha Louise na kukisifu mbele ya wageni. Lakini kutoka kwake hakukuonekana kwetu kuwa kuacha watoto. Kulionekana kuwa kazi.

Tukarudi kukitazama kitabu, tukaona kwamba mtungaji amelijua jambo hili mbele yetu. Ndiyo sababu aonyesha kwa uangalifu jinsi Myriam alivyokuwa alipokaa nyumbani: hakuwa mama mwema zaidi, alikuwa mtu aliyekuwa akizama. Mtungaji hasemi kwamba kazi yamwokoa. Kazini nako Myriam apotea kwa njia nyingine. Asahau saa, arudi watoto wamekwisha kulala. Lakini hatuambii kamwe kwamba kifo ni mshahara wa mama aliyetoka nyumbani. Msomaji anayetoa hukumu hiyo ameileta mwenyewe kutoka kwake. Hakuikuta kitabuni.

Hukumu ya pili: kikulacho ki nguoni mwako

Hukumu ya pili ilitolewa na methali. «Kikulacho ki nguoni mwako,» alisema mwenzetu mmoja, na maana yake ilikuwa: yaya ni adui, mchungeni.

Ziko hadithi zinazofundisha hivyo. Mwaka 1992 Wamarekani walitoa sinema iliyopendwa sana, The Hand That Rocks the Cradle, ya Bwana Curtis Hanson. Ndani yake yaya aingia nyumbani na kisasi moyoni. Mumewe, daktari, alijiua baada ya kushtakiwa na mama wa nyumba ile, na yaya amekuja kulipa. Mtazamaji ajua mapema kwamba mtu huyu ni mbaya. Mwishoni yaya asukumwa kutoka dirisha la juu, afa, na nyumba yatulia tena. Sinema ile yatisha, lakini pia yabembeleza. Yatuambia: uovu ulikuja kutoka nje, ukarudishwa nje, ninyi mlio ndani ni wema.

Bibi Slimani atunyima faraja hiyo. Louise hakuingia na kisasi. Aliingia na upendo, na upendo wenyewe ndio ulioharibika. Hana nyumba nyingine ila hii ya Paul na Myriam. Hana meza nyingine. Watoto wanakua, na yaya wa watoto waliokua ataachishwa kazi. Basi Louise aanza kutamani kwamba Myriam azae mtoto wa tatu. Azungumza juu ya mtoto huyo, amngoja, amtafuta kwa macho katika mwili wa Myriam. Twaona haya kusoma kurasa hizo, kwa sababu twaelewa. Mtu anayetamani mtoto wa mwenziwe azaliwe ili yeye asifukuzwe, je, mtu huyo ni adui? Ni mtu aliyewekwa mahali pasipo na mlango mwingine.

Tena Louise alizaa. Watu husahau jambo hili, kama Paul na Myriam walivyolisahau. Ana binti, Stéphanie. Binti huyu alikulia katika nyumba za watu wengine, akifundishwa asiguse vitu vya wenyewe, asifanye kelele, asionekane. Mama yake alipowabeba watoto wa wengine, yeye hakuwa na wa kumbeba. Mwishowe alitoroka, na Louise hajui aliko. Tulipofika hapo mmoja wetu aliuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu: yaya anayelea watoto wangu, wake analelewa na nani?

Kwa hiyo methali ile ni ya kweli, lakini hapa haitoshi. Kama kikulacho ki nguoni mwako, maana yake umekivaa. Umekivaa siku ngapi, na mbona hukijui?

Makosa ya kitabu

Si haki kusifu tu. Tumeona kasoro mbili, nasi tunazisema wazi.

Kasoro ya kwanza ni mizigo mingi mno aliyotwikwa Louise. Mume mbaya, madeni, binti aliyetoroka, chumba kibovu, mwenye nyumba mkali, tena ugonjwa wa huzuni wa zamani uliopata kutajwa na madaktari. Mtungaji ajilinda vema: hasemi popote kwamba hili au lile ndilo lililomfanya aue. Hata mwishoni, yule mpelelezi wa polisi, Nina Dorval, akijaribu kurudia hatua za Louise ndani ya nyumba, hapati neno la kufungua fumbo. Jambo hilo twalikubali. Yapo matendo ambayo maelezo hayayafikii, na mtungaji anayejifanya kuyajua yote atudanganya. Lakini msomaji mwenye haraka hataona kujilinda huko. Ataona mtu maskini, mwenye madeni, aishiye peke yake, akiwa mwuaji. Naye atafunga kitabu akisema: maskini ni hatari. Hilo ni neno la uongo, na kwa wasichana wengi wanaolala jikoni katika miji yetu ni neno linaloweza kuwanyima kazi na chakula.

Dawa ya kasoro hiyo ilikuwa karibu, na hii ndiyo kasoro ya pili. Katika bustani, Louise akutana na mayaya wengine, wanawake waliotoka nchi nyingi za mbali. Mmoja ni Wafa, Mmoroko, mwenye maneno mengi na moyo mkunjufu, ambaye amfanya Louise rafiki. Wafa naye ni maskini. Wafa naye ni mgeni, tena mgeni kuliko Louise. Lakini Wafa hamdhuru mtu. Kama mtungaji angetupa kurasa zaidi kwake, tungeona kwa macho kwamba wengi hubeba mizigo ile ile na kuwarudisha watoto nyumbani salama kila jioni, mwaka baada ya mwaka. Mayaya wa bustani wamepita kama vivuli. Ni hasara, maana hao ndio walio wengi.

Lakini tusisahau sifa moja iliyobaki. Mtungaji alisema kwamba mbegu ya hadithi ilikuwa jambo la kweli lililotokea New York mwaka 2012, watoto wawili wakauawa na yaya wao. Mwingine angechota kutoka huko damu na machozi apate kuuza. Yeye aliacha watu wale na msiba wao, akatunga watu wengine katika mji mwingine, akaandika kwa sentensi fupi, kavu, zisizopiga kelele. Mauaji yenyewe hayaonyeshwi. Katika hilo twaona heshima.

Kuna ukurasa mmoja tunaotaka kuutaja kabla ya kumaliza. Baada ya mauaji, polisi wawaendea watu ambao Louise aliwafanyia kazi zamani. Huko yuko kijana, Hector Rouvier, ambaye Louise alimlea alipokuwa mdogo. Asikia habari, na moyoni mwake hapana mshangao. Kuna kama kupumua, kama mtu aliyejua siku zote kwamba alikuwa amekaa chini ya tishio fulani, na sasa limepita. Wazazi wake walimsifu Louise kwa simu. Walisema kweli kadiri walivyojua. Mtoto alijua zaidi, na hakuna aliyemwuliza.

Kwa nani kitabu hiki?

Twakishauri kwa watu wazima wasomao Kifaransa. Watoto wasipewe. Mama aliyejifungua juzi angoje kidogo. Wanaume wakisome kabla ya wake zao, tena wakisome kwa swali la yule mama: na baba yao alikuwa wapi?

Wazee wetu waliofanya kazi ya boi katika nyumba za wazungu wakati wa Wabelgiji watakielewa upesi kuliko sisi. Walijua chumvi ya bwana, usingizi wa bwana, ugomvi wa bwana na bibi. Na mara nyingi bwana hakujua kijiji chao wala hesabu ya watoto wao. Sisi watoto na wajukuu wao tuliyasikia maneno hayo tukakasirika. Leo baadhi yetu tuna yaya nyumbani, na swali limegeuka uso na kututazama.

Hatusemi kwamba kumjua yaya kutazuia kila baya. Kitabu chenyewe hakisemi hivyo, na kingesema hivyo kingekuwa hadithi ya kubembeleza. Hakuna mtu anayeweza kumjua mwenziwe mpaka mwisho, hata mume na mke. Lakini iko tofauti kati ya giza la moyo wa mtu, ambalo hatuna ufunguo wake, na giza tunalolifanya sisi wenyewe kwa kutotaka kuwasha taa.

Siku tatu baada ya mabishano yetu, yule mama aliyeuliza juu ya Paul alikuja kutusimulia jambo. Yaya wake amekaa kwake miaka miwili. Jioni ile aliporudi nyumbani, aliketi naye jikoni, akamwuliza kama ana ndugu. Wakaongea kidogo. Yaya akataja ndugu zake mmoja mmoja. Kisha akasema, kama mtu asemaye habari ya kawaida, kwamba ana mtoto pia, wa kiume, aliyemwacha kijijini kwa bibi yake, na kwamba sasa atakuwa ameanza shule.

«Miaka miwili,» alituambia mama yule. «Kila asubuhi namwachia wangu. Sikujua kama ana wake.»

Tulimwuliza alimjibu nini. Alisema hakupata neno. Alimwuliza tu jina la mtoto.